Nyumba ya ufukweni Ilemela, magugu maji yanakuja na kuondoka: tununue au tuache?

MamaNuru_Buswelu

Habarini za leo wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaokaa kando ya ziwa, hasa hapa kwetu Mwanza.

Mimi na mume wangu tumepata nyumba upande wa Ilemela, njia ya kwenda Kayenze. Vyumba vitatu, plasta nje na ndani, umeme upo, na kiwanja kinateremka mpaka majini. Wanaouza ni watoto wa marehemu, wanataka kugawana. Wameanza na milioni 52 na dalali anasema watashuka. Huku Buswelu tunakopanga, nyumba ya namna hiyo huipati kwa hela hiyo. Mume wangu anataka alime nyanya na hoho kwa pampu ya kuvuta maji ziwani, mimi nifuge kuku, na watoto wawe na pa kuchezea.

Tulipelekwa asubuhi. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka kokoto chini. Tulipokuwa tunaondoka, mama mmoja jirani aliyekuwa anafua akaniambia kwa upole, "Rudi tena ukaone magugu." Nilipomuuliza dalali, akasema magugu maji yapo ziwa zima, yanakuja na kuondoka, hayana uhusiano na kiwanja hiki.

Nimekaa nikafikiri. Kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu: uzio wa waya upande wa ziwani umenasa vitu vyeusi vilivyokauka, kama nywele, kwenye nyaya mbili za chini. Na kutoka maji yalipoishia mpaka ukingo wa baraza nilihesabu hatua hamsini hivi.

Ninachotaka kujua: hayo magugu yanaweza kuishusha thamani nyumba? Kuna njia ya kuyamaliza mtu ukiwa mmoja kwenye ufukwe wako? Na je, muuzaji ana wajibu wa kutueleza? Tumekusanya hizi fedha kwa muda mrefu, nisingependa tuzizamishe.

---

Mzee_wa_Luchelele

Binti, dalali kasema kweli nusu. Magugu maji hayaoti kwenye udongo wa mtu, yanaelea. Mizizi inaning'inia majini, na vile vikonyo vilivyovimba vimejaa hewa. Upepo ukiyasukuma yanaondoka, ukigeuka yanarudi, mara nyingine yakiwa kisiwa kizima chenye matete juu yake na nyoka ndani yake. Ndiyo maana huwezi kukikagua kiwanja cha ufukweni kwa kutazama kiwanja peke yake. Tazama ghuba. Hiyo ndiyo unayonunua.

Nimekaa Luchelele tangu kabla magugu haya hayajafika. Yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakiletwa na Mto Kagera kutoka juu huko. Kufikia 1998 ziwa zima lilikuwa na karibu hekta 20,000 zake. Watu wa umri wangu wanakumbuka mitumbwi ilivyoshindwa kutoka mwaloni. Yakapungua sana baadaye, lakini hayakuisha, na hayataisha katika maisha yako wala yangu. Mbegu zake huzama kwenye tope na kungoja miaka mingi.

Sasa hilo la kupelekwa asubuhi. Usiku upepo huku kwetu hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Unayasukuma magugu nje, asubuhi unakuta ufukwe umesafishwa. Mchana jua likishaichoma nchi, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja kwako, na kufika saa kumi jioni umeshayarudisha. Simlaumu dalali wako, huenda naye asubuhi ndiyo nafasi yake. Ila wewe rudi jioni. Rudi pia baada ya mvua kubwa, maana mito ndiyo inayoyashusha. Na ukiweza rudi majira mengine, kwa sababu upepo wa kiangazi cha Juni mpaka Agosti si sawa na ule wa masika. Kuna fukwe hapa kwenye Ghuba ya Mwanza ni safi nusu mwaka na nusu mwaka zimefunikwa, na ng'ambo ya pili inakuwa kinyume chake.

Ukifika, angalia kama pale pana kona. Pwani iliyonyooka, inayopigwa na mawimbi, magugu hayakai, yanavunjwavunjwa. Penye kona tulivu, au karibu na mdomo wa mto au mfereji wa maji machafu, yatakaa na kunenepa. Yanapenda mbolea na uchafu tunaoutiririsha wenyewe. Tazama Mto Mirongo ulivyopita katikati ya jiji na kile unachokipeleka ziwani.

Na hivyo vitu vyeusi kwenye waya, mwanangu, ni mizizi ya magugu maji. Jiulize ilipandaje mpaka waya wa pili. Hakuna aliyeitundika.

---

Mpima_Nyamagana

Mzee hapo mwisho amegusa ninachotaka kukisema, na kwangu ni kikubwa kuliko magugu yenyewe.

Mizizi ikinasa kwenye waya wa pili maana yake maji yalifika kwenye uzio na kupanda. Mwaka 2020, mwezi wa Mei, Ziwa Victoria lilifika kimo ambacho hakijaonekana tangu 1964. Mwaka 2024 likapanda sana tena. Nyumba nyingi za kando ya ziwa ziliingiliwa, vyoo vikajaa maji, watu wakahama. Kwa hiyo dada, hizo hatua hamsini ulizozihesabu ni kutoka maji ya leo. Kutoka kwenye waya hadi baraza ni hatua ngapi? Hizo ndizo muhimu kwako.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inayataja maeneo ya mita 60 kando ya ziwa miongoni mwa yale yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Hatua ya mtu mzima wa kawaida haifiki mita moja. Hamsini zako zinaweza kuwa mita 35 au 40. Nyumba inaonekana imekaa ndani ya eneo lisiloruhusiwa, hata kama mtaa mzima umejenga hivyo hivyo.

Ndiyo sababu mara nyingi nyumba za namna hii bei inakuwa laini. Mtu mwenye haraka ya kuuza ukimuuliza ana karatasi gani, anakutolea barua ya serikali ya mtaa na mkataba wa mauziano wa zamani. Hivyo si hati miliki. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uliza kama eneo limepimwa, kama lina mchoro wa mipango miji, na hapo ufukweni wameandika matumizi gani. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati, malipo yake ni madogo. Nawaonea huruma watu wanaolipa mamilioni na kukataa kulipia upekuzi.

---

Msukuma_Reading

Salamu kutoka Uingereza, ndugu zangu. Mimi ni wa Nansio, Ukerewe, huku nafanya kazi za bustani. Swali la dada kuhusu wajibu wa muuzaji limenigusa kwa sababu huku lina historia ndefu.

Kuna gugu linaitwa Reynoutria japonica, asili yake Japani. Lililetwa Ulaya karne ya 19 kama pambo, na mwaka 1850 likafika kwenye bustani ya Kew, London. Watu wakalisifu, wakaligawana. Leo ni balaa. Mizizi yake inatambaa chini ya ardhi mita kadhaa, kipande kidogo kama ncha ya kidole kikibaki kwenye udongo kinaota upya. Linapenya kwenye nyufa za sakafu, kwenye mifereji, kwenye viungo vya ukuta. Udongo wenye mizizi yake huruhusiwi kuutupa popote, una jalala lake maalumu. Kulitibu kwa dawa ni kazi ya miaka.

Huku anayeuza nyumba hujaza fomu, na humo anaulizwa moja kwa moja: nyumba yako imeathiriwa na gugu hili? Ndiyo, hapana, au sijui. Mwaka 2023 kulikuwa na kesi ya nyumba ya London. Muuzaji alijibu "hapana", mnunuzi akalikuta nyuma ya banda la bustani. Mahakama ikamwamuru muuzaji alipe fidia ya pauni 32,000, na gharama za kesi zikaisukuma jumla kupita pauni 200,000. Benki nazo hazikopeshi kirahisi nyumba yenye hilo gugu mpaka kuwe na mpango wa matibabu wenye dhamana.

Zamani wathamini walikuwa wanaogopa likionekana ndani ya mita 7 kutoka nyumba. Mwaka 2022 chama chao kikabadilisha mwongozo, sasa wanaangalia mita 3 na madhara halisi yaliyopo. Yaani walijifunza kutokuogopa jina la gugu na badala yake kupima kile linachofanya. Nadhani hilo linafaa na huko kwetu.

Dada, ninachokushauri ni kitu kimoja. Waandike hao ndugu kwenye mkataba wa mauziano, kwa maneno yao, kwamba wanajua au hawajui kuhusu magugu kufunga ufukwe, na kwamba maji yaliwahi au hayakuwahi kufika kwenye uzio, choo au nyumba. Wasaini wote, na mashahidi. Kama hawataki kuandika, hapo umeshapata jibu.

---

MamaNuru_Buswelu

Shikamoo Mzee wa Luchelele, na asanteni sana wote. Nimesoma kwa sauti mume wangu akisikiliza, tumenyamaza muda mrefu.

Jana tulirudi jioni. Mzee, ni kama ulivyosema. Kutoka ukingoni mpaka mbali kidogo ilikuwa kijani tupu, na maua ya zambarau juu yake. Watoto wa jirani walikuwa wamefungua njia nyembamba ya kuchotea maji. Mtumbwi uliokuwa unaelea asubuhi ile ulikuwa umebanwa katikati. Kati ya yale makubwa nikaona mengine madogo, majani ya duara yenye vinyweleo, yamejazana kama zulia. Sijui kama ni watoto wa yale makubwa.

Kutoka kwenye waya mpaka baraza ni hatua thelathini na kidogo.

Mume wangu anauliza: kama tungechukua, tunaweza kupiga dawa ya kuua magugu? Au kuyatoa na kuyafanya mbolea ya bustani?

---

Mzee_wa_Luchelele

Marahaba mwanangu. Mwambie baba Nuru dawa asiguse. Hayo ni maji ya kunywa watu, ya sato na dagaa, na huyo mama aliyekuonya anafulia humo humo. Tena magugu yakifa kwa mkupuo yanazama na kuoza, yanamaliza hewa kwenye maji, samaki wanakufa. Na wiki ijayo upepo unakuletea mengine. Umeua, hujapunguza.

Hayo madogo yenye vinyweleo si watoto wa yale makubwa. Ni gugu jingine, Salvinia molesta, nalo lina asili ya Amerika Kusini kama la kwanza. Limeonekana huku kwetu miaka hii ya karibuni na linanitia wasiwasi zaidi, maana kila kipande kinachokatika kinakuwa mmea. Mwanzoni mwa 2025 magugu yaliwakwamisha watu kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi, mpaka daraja lilipofunguliwa Juni mwaka huo ndipo wakapumua. Kama vivuko vikubwa vya serikali vilisumbuka, pampu ya inchi mbili itafanya nini?

Maana hilo la pampu lifikirieni vizuri. Kichujio cha bomba la kunyonya kitaziba kwa mizizi kila mara. Mtalazimika kuingia majini kukisafisha, au kujenga gati dogo lipeleke bomba mbele, na gati nalo ni ujenzi ndani ya zile mita 60. Kuvuta maji kwa kilimo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ulizeni mapema.

Kuyatoa kwa mikono kunawezekana, sisi hapa tunafanya. Lakini hufanyi peke yako. Tunaungana kaya zote za kona yetu pamoja na wavuvi wa mwalo, tunatoa yakiwa bado machache, kwa sababu yakipata joto na uchafu yanaweza kuwa maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Tunayavuta kwa reki ndefu na kamba, tunayapandisha juu kabisa ya mahali wimbi linapofika, tunayatandaza yakauke. Watu wengi huyarundika ukingoni kwa kuchoka, na mvua ikija yanarudi yalikotoka yakiwa hai. Ni mazito mno, karibu yote ni maji. Yakikauka rundo kubwa linabaki kiasi cha kujaza toroli.

Mbolea inatoka, nzuri tu, mkiyaozesha vizuri pamoja na samadi. Ila gugu hili linanyonya madini mazito yaliyomo majini. Kama kona hiyo inapokea maji ya mfereji wa mjini au gereji, hiyo mbolea iende kwenye miti na maua, isiende kwenye mchicha.

Msiue wale wadudu mtakaowaona kwenye majani, mbawakawa wadogo wa rangi ya udongo, wanaacha makovu ya duara. Hao waliletwa kwa makusudi miaka ya 1990 kutoka yalikotoka magugu, wanakula hili gugu tu. Funza wao hutoboa vikonyo mpaka maji yanaingia na mmea unazama. Kazi yao ni ya polepole, lakini bila wao tungekuwa bado pale pa 1998. Madogo hayo mapya hawayagusi.

Nisije nikaonekana nachukia ufukwe. Mimi siuzi pangu. Nyumba yangu iko juu, mbali na maji, na chini nimeacha matete na mafunjo yaote. Yanayazuia magugu kunifikia, yanashika udongo, na furu wanazalia humo. Wenzangu waliong'oa mafunjo ili wapate mandhari ndio ambao leo wanavuta magugu mlangoni. Anayetaka kukaa ziwani aliachie ziwa nafasi yake.

---

Nesi_Kitangiri

Naongeza la watoto, maana dada umesema wapate pa kuchezea. Kwenye magugu ndipo konokono wanaobeba kichocho wanapojificha. Kichocho cha huku kwetu ni cha tumbo, kinakula ini polepole, mtoto anachelewa kukua na hamjui sababu. Dawa ipo, prazikwanteli, na shuleni hutolewa, lakini mtoto anayeingia majini kila siku anaambukizwa tena. Maji ya kuogea yakichotwa na kuachwa kwenye pipa siku mbili hatari inapungua, kwa sababu vimelea hufa wakikosa mtu wa kumwingia. Kuchezea pembeni ya magugu hapana kabisa. Na choo, nawasihi, kiwe juu na mbali. Kile kilichoingiliwa na maji kinarudisha mayai ya kichocho ziwani, na mzunguko unaanza upya kwa watoto wa mtaa mzima.

---

MamaNuru_Buswelu

Asante nesi, hilo sikuwa nalijua hata kidogo, na wa mwisho wangu ana miaka minne.

Tumeamua hivi. Nyumba ile kama ilivyo hatuichukui, hata wakishusha mpaka milioni 40. Lakini kiwanja ni kirefu, kinapanda mpaka barabarani, na sehemu ya juu ina mwamba na miembe miwili. Tumempigia kaka yao mkubwa, nikamwuliza wazi kuhusu maji. Hakuficha. Amesema mwaka 2020 maji yalifika barazani na baba yao alihamia kwa mtoto wake Pasiansi mpaka yaliposhuka. Nikamwomba kama wanaweza kutuuzia ile sehemu ya juu peke yake, tujenge kidogo kidogo. Amesema atakaa na wenzake. Mpima, hilo linawezekana? Na mama wa jirani amesema kona yao ina kikundi cha kutoa magugu kila Jumamosi, tukija tutajiunga.

---

Mpima_Nyamagana

Linawezekana dada, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye thamani. Ila mwenye kiwanja ni marehemu. Kabla ya chochote waulizeni nani ni msimamizi wa mirathi, na muone barua ya uteuzi kutoka mahakamani. Kaka mkubwa hawezi kuuza kwa sababu tu ni mkubwa. Wakiwa hawajafungua mirathi, wafungue kwanza Mahakama ya Mwanzo, na warithi wote waridhie kwa maandishi kugawa kiwanja.

Kisha aje mpima mwenye leseni, awawekee alama ya mita 60. Mwombeni aonyeshe pia mahali maji yalipofika 2020, kaka yao awepo apaonyeshe kwa mkono. Sehemu yenu ianzie juu ya alama zote mbili. Kugawa kiwanja kunahitaji idhini ya mipango miji ya manispaa, kwa hiyo msikubali kuchorewa mstari na dalali kwa kamba.

Arubuni msitoe mpaka mmeiona barua ya mirathi. Ukiipata, nitumie ujumbe ndani nikusaidie kuisoma.